Baba Alijibu Hapana

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 34. Alipostaafu akasema anataka kuandika maisha yake. Si kitabu, eti, ila wajukuu wajue walikotoka. Nikampelekea Muheza kompyuta yangu ya zamani, nikamwekea programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Niliona nimefanya la maana. Mzee aliyefundisha ngeli maisha yake yote atashindwaje na "Faili" na "Hariri"?

Wiki ya pili akanipigia simu. "Mwanangu, yale ya jana siyaoni."

Yale ya jana yalikuwa kurasa sita kuhusu bibi, mama yake, aliyemsomesha kwa vibarua vya shamba la mkonge. Bibi alifariki kabla sijazaliwa. Picha yake hatuna hata moja.

"Ulifanyaje, baba?"

"Nilifunga. Ikaniuliza, unataka kuhifadhi mabadiliko? Nikabonyeza Hapana."

"Kwa nini Hapana?"

"Sijabadilisha kitu. Nimeandika tu."

Sikuwa na la kumjibu. Kwa kompyuta, kila herufi uliyoongeza tangu uhifadhi mara ya mwisho ni badiliko. Kwa mwalimu, badiliko ni kufuta kilichokuwepo na kuandika kingine. Aliulizwa, akajibu ukweli. Vitufe vilikuwa vitatu: Ndiyo, Hapana, Ghairi. Hiyo Ghairi hakuigusa, maana kughairi ni kubadili nia, na nia yake ilikuwa ileile. Lau kile cha katikati kingeandikwa "Usihifadhi", angesita. Lau juu yake kungekuwa na sentensi moja tu, "Ulichoandika leo kitapotea," angenipigia simu kabla, si baada.

Wala si jambo jipya. Apple walishawashauri watengenezaji wa programu zamani sana kwamba kitufe kibebe kitenzi, mtu ajue kitakachotokea bila kurudia kusoma swali. Wenyewe walijifunza kwa watu. Walipokuwa wakiijaribu kompyuta yao ya Lisa, iliyotoka mwaka 1983, kitufe cha kukubali kiliandikwa "Do It", yaani fanya. Kumbe mjaribu mmoja akasoma "Dolt", yaani mjinga, akaudhika: mbona kompyuta inanitukana? Wakakibadilisha kikawa OK. Hilo lisingegunduliwa na kamati ya istilahi hata ingekaa mwaka mzima. Aligundua mtu aliyeketishwa mbele ya mashine, na mwingine pembeni akimtazama.

Sisi kutazama hatutazami. Sidharau kazi iliyofanyika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na wale watu walianzia karibu na sifuri. Lakini tangu hapo mabishano yetu ni ya nomino: tarakilishi au ngamizi, kipanya au mausi. Sentensi nzima, ile inayomkuta mtu saa nne usiku amechoka, haina mwenyewe. Kazini kwangu kijana mmoja alitaka karatasi ya kusomea habari yake, akabonyeza "Chapisha". Habari ikaenda hewani kabla mhariri hajaiona. Alisemwa sana. Neno hakuna aliyelisema.

Nilipokwenda Muheza nikakuta baba amebandika karatasi chini ya kioo cha kompyuta, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: "Ikiuliza, sema Ndiyo." Kuhusu bibi alikuwa ameandika upya, kurasa mbili. Nikamuuliza zile nne nyingine.

"Zilikuja siku ile," akasema, akaniomba nimwekee maandishi yawe makubwa kidogo.