Siku Moja Ujiji: Watoto Waonyeshwe Zaidi ya Mwembe

Likizo ya shule ikifika, mzazi wa Kasulu hana haja ya kwenda mbali kutafuta mji wa kihistoria. Kigoma ni karibu kilomita 90, na kutoka hapo daladala hufika Ujiji haraka. Familia ya Kibondo ni heri ilale Kasulu kwanza, maana kwenda na kurudi siku moja kutawachosha watoto. Waliozoea baridi ya milimani watakutana na joto ziwani, hivyo kofia na maji ya kunywa visisahaulike.

Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000, mwendo wa miezi kwa miguu. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Mwaka 1871, Stanley alimkuta hapa Livingstone, mgonjwa na aliyeishiwa mali. Leo pana makumbusho na mnara mahali walipokutania chini ya mwembe. Mwembe ule ulishakufa. Iliyopo inasemekana ni uzao wake.

Watoto watapiga picha na kutaka kuondoka. Hapo ndipo mzazi ana kazi. Mmoja wa waliokimbia kumpokea Stanley alikuwa Susi, msaidizi wa Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Na katika njia ya misafara walipita watu waliotekwa na kuuzwa utumwani. Mtoto akiuliza walikwenda wapi, aambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wake: walichukuliwa kwa nguvu, wengine walifia njiani, wengine waliuzwa pwani na Zanzibar. Akinyamaza, aachwe afikiri.

Mchana, familia ile migebuka kwa ugali, kisha irudi Kigoma ikasikie habari za Liemba. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Mwaka 2015, Liemba iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Mtoto wa Kasulu amesikia kuhusu kambi hiyo, na wa Kibondo anaijua Nduta. Kwa hiyo habari za watu waliolazimika kuacha kwao si mambo ya makumbusho tu. Zimefika hadi wilayani kwao.

Basi la kurudi lipandwe mapema, giza lisije likawakuta njiani. Njiani mzazi awaulize watoto majina mangapi wanayakumbuka. Wakitaja Livingstone na Stanley peke yao, awakumbushe Susi na Chuma.