Vichekesho vya Matusi Katika Picha

Wengi wetu tukiona picha zilizochorwa zikitembea na kusema, mara twadhani ni mambo ya watoto. Twaona rangi zing'aazo, vichwa vikubwa kama maboga na macho ya mviringo, nasi twaendelea na kazi zetu bila wasiwasi. Lakini ziko katuni zilizotungwa kwa ajili ya watu wazima tu. Maneno yake ni ya chooni na ya chumbani, na mzaha wake hauogopi mauti, wala ugonjwa, wala dini. Nazo zapendwa mno, hata na watu wenye elimu na adabu zao. Mwezi huu twataka kuuliza: zapendwa kwa nini? Maana kulaani ni kazi nyepesi, na mwalimu alaaniye asichokijua hasikilizwi na wanafunzi wake.

Tuanze na nchi zilikositawi, ndiyo Marekani. Mwaka 1960 ilianza huko The Flintstones, katuni iliyoonyeshwa jioni, saa ambayo watu wazima wamekwisha rudi kazini. Na katika matangazo yake wale watu wa kuchorwa walionekana wakivuta sigara. Mwaka 1972 Ralph Bakshi alitoa Fritz the Cat, sinema ya kwanza ya kuchorwa katika Marekani kupewa alama ya X, maana yake watoto wasiingie. Tarehe 17 Desemba 1989 The Simpsons ikawa kipindi cha peke yake, habari za baba mvivu, mama mvumilivu na mtoto mtundu asiyependa shule. Shule kadha wa kadha zilikataza fulana zenye sura ya mtoto yule. Mwaka 1992 Rais George H. W. Bush mwenyewe alisema hadharani kwamba afadhali jamaa za Marekani zifanane na jamaa ya Walton, watu wapole wa kipindi kingine, kuliko kufanana na hao Simpson. Lakini mbele ya vilivyokuja nyuma yake, kipindi hicho leo chaonekana kitulivu.

Mashuhuri miongoni mwa vilivyofuata ni South Park. Vijana wawili, Trey Parker na Matt Stone, walikutana katika Chuo Kikuu cha Colorado. Mwaka 1992 walikata karatasi za rangi, wakazipiga picha moja moja huku wakizisogeza kidogo kidogo, hata zikaonekana zikitembea. Mwaka 1995 mkubwa mmoja wa kazi ya televisheni aliwaagiza wamtengenezee nyingine namna ile, awapelekee rafiki zake badala ya kadi ya Krismasi. Nakala zake zikaenda mkono kwa mkono. Tarehe 13 Agosti 1997 kipindi chao kikaanza. Habari zake ni za watoto wanne wa shule katika mji mdogo wa milimani, na hakuna tusi wasilolijua. Mmoja wao, Kenny, katika miaka ya kwanza alikufa karibu kila kipindi, na juma la pili yu hai tena, wala hakuna aliyestaajabu. Hata Bwana Yesu amechorwa humo akiendesha kipindi cha televisheni, jambo limchomalo Mkristo. Juu ya kipindi huwekwa alama isemayo kwamba hakiwafai walio chini ya miaka 17.

Basi, sababu ya kwanza ya kupendwa ni kwamba picha si mwili. Mtu wa nyama akianguka na kuvunjika mguu, hata adui yake humhurumia. Mtu wa karatasi akikatwa kichwa, hakuna damu, wala mama anayelia. Kwa hiyo moyo hupata ruhusa ya kucheka yale yanayoutisha. Sisi sote twayaogopa mauti, na yule Kenny, afaye na kufufuka bila matanga, hutuondolea mzigo huo kwa muda wa dakika chache.

Sababu ya pili ni kwamba mchoro wa mtoto husema yale ambayo mtu mzima hathubutu. Tazameni sinema ya South Park ya mwaka 1999. Watoto waingia kwa hila kutazama picha ya matusi iliyotoka Canada, watoka na matusi midomoni. Na mama zao, badala ya kujiuliza watoto walikuwa wapi na nani alikuwa akiwaangalia, wailaumu Canada, hata nchi zote mbili zapigana vita. Sinema hiyo imejaa maneno yasiyosemeka, lakini neno lililo ndani yake ni zito: kwamba mzazi humwonea haya jirani kuliko anavyomwangalia mwana. Na wimbo wa kejeli wa kuilaumu Canada uliwekwa katika orodha ya nyimbo zilizoshindania tuzo ya Oscar. Watu hawakuyacheka matusi peke yake, walijicheka wenyewe.

Sababu ya tatu ni wepesi, pamoja na kutokuwa na upendeleo. Watengenezaji wa South Park walizoea kukitunga na kukimaliza kipindi kizima kwa siku 6, kwa hiyo mambo ya juma lile lile yaliweza kuingia. Tajiri, mwanasiasa, mchezaji wa sinema, mhubiri, wote hupakwa tope moja. Mtu mdogo, ambaye mchana kutwa huitika “ndiyo, bwana,” usiku humwona bwana akichekwa, naye hulala vizuri.

Hapo msomaji atasema, “Kumbe hayo ni utani, nasi tunao!” Ni kweli. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na makabila mengine mengi ya Tanzania yana watani wao. Mtani huweza kuja msibani akaicheka maiti, akaiga namna marehemu alivyokuwa akitembea, akadai ubahili wake umekwenda naye. Mfiwa aliyekuwa hawezi kumeza mate hucheka huku analia. Mtu mwingine akisema neno lile lile atafukuzwa. Wazee wetu walijua kwamba adabu ikikazwa mno bila mlango wa kupumulia, hupasuka.

Lakini tutazame vizuri. Mtani huicheka maiti, naye huyo huyo hushika jembe la kuchimba kaburi. Amtaniye anajulikana jina na ukoo, na kesho naye atataniwa. Anaona uso wa mfiwa, akijua wakati wa kunyamaza. Mzaha wake una gharama, naye hulipa kwa kazi. Mchekeshaji wa picha hawezi kuona ni nani anayemtazama. Hajui kama ni mtu mzima aliyechoka, au mtoto wa miaka sita aliyeshika simu ya babaye. Mwaka 1993, katika jimbo la Ohio, mtoto wa miaka mitano alichoma nyumba kwa moto, dada yake wa miaka miwili akafa. Mama yao alisema mwanawe aliyapata hayo kwa kutazama Beavis and Butt-Head, katuni ya vijana wawili wapumbavu wapendao moto. Wako waliobisha habari hiyo. Lakini wenye kipindi walikisogeza usiku zaidi na kuyaondoa maneno ya moto.

Mfano wa pili watugusa sisi wa Afrika ya Mashariki. Parker na Stone, pamoja na Robert Lopez, walitunga mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, uitwao The Book of Mormon, ulioanza katika Broadway, New York, mwezi wa Machi 2011, ukapata tuzo 9 za Tony. Ni habari za wamisionari wawili vijana wa Marekani waliotumwa kijijini Uganda. Shabaha ya mzaha ni wale wamisionari na ujinga wao. Lakini ili kuwachekesha watu wa New York, kijiji kile kimejazwa UKIMWI, umaskini na jemadari katili, kana kwamba Uganda haina mwalimu, wala duka, wala mtu anayesoma gazeti. Waliocheka wengi wao hawajapata kutia mguu Uganda, wala hawatakwenda kuzika huko. Huo si utani. Ni kumcheka mtu asiyekuwapo. Mwaka 2020 waigizaji weusi wa mchezo ule waliandika barua kueleza uchungu wao, na kabla haujafunguliwa tena mwaka 2021, watungaji walirekebisha baadhi ya sehemu.

Na si mara hiyo tu waliporudi nyuma. Mwaka 2006, katika South Park, walimcheka Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, kwa maonyo yake juu ya kuongezeka joto la dunia. Walimchora kama mtu anayezunguka akiwatisha watu kwa dubwana ambalo hakuna aliamniye, mtu na dubu na nguruwe pamoja. Miaka 12 baadaye, mwaka 2018, walitunga vipindi vingine: dubwana lipo, laua watu, na wale watoto hawana budi kumwendea Gore kuomba radhi. Twawasifu kwa hilo. Lakini miaka 12 ni mingi kwa wale waliokwisha jifunza kucheka kila wakisikia onyo.

Basi tufanyeje? Kwanza tujue kwamba mchoro si dalili ya utoto. Tuzitazame zile alama za umri kama tunavyotazama maandishi ya chupa ya dawa kabla ya kumnywesha mtoto. Pili, kijana aliyekwisha kuwa mkubwa, tusimnyang'anye kwa makofi tu. Tumwulize, “Umecheka nini hapo?” Jibu lake litatufundisha. Pengine amecheka uchafu mtupu, naye ataona haya kulisema. Pengine amecheka baba wa picha anayehubiri asilolitenda, na hapo swali limekuja mlangoni kwetu.

Vijana wetu wana maswali juu ya mwili, juu ya mauti, juu ya unafiki wa wakubwa. Wazamani walikuwa na nyanya na babu wa kuyajibu kwa mzaha, na watani wa kuyasema barazani. Siku hizi babu yuko mbali, baba amechoka, na mwalimu ana watoto wengi darasani. Katuni haichoki, wala haiko mbali. Tukiendelea kunyamaza, ndiyo itakayowajibu peke yake, nayo haitakuwapo siku ya kuchimba kaburi.