Kipimo cha Kibanja na Kipimo cha Jiji

Nilipokuwa mtoto huko Nyakakika, Karagwe, nilimwuliza babu kibanja kipi kilikuwa bora: chetu, au cha jirani ambaye mikungu yake mwaka ule iliishinda yetu kwa ukubwa. Babu hakuitazama mikungu. Aliinama, akafunua nyasi zilizotandazwa chini ya migomba, akasema, "Mjukuu wangu, uliza kwanza nyasi hizi zimetoka wapi, na huko zilikotoka kumebaki nini."

Sikulielewa neno lake mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kibanja chenye migomba, mibuni na maharage hakijilishi chenyewe. Hulishwa kwa samadi ya ng'ombe na kwa nyasi zikatwazo mbugani. Mbuga ikichakaa, kibanja nacho hudhoofika, hata kama leo kinapendeza machoni.

Siku hizi miji ya dunia hupimwa na kulinganishwa. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango namba 37120, ili miji ihesabu huduma zake na ubora wa maisha ya watu wake kwa namna moja. Mwaka 2019 likaongeza namba 37122 kwa ajili ya miji janja, yaani miji inayoendesha shughuli zake kwa msaada wa kompyuta na intaneti. Jambo hilo ni jema, kwani pasipo kipimo kimoja kila mji utajisifu kwa kinywa chake. Dar es Salaam nayo ilitunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016. Kama Mtanzania, nilifurahi.

Hata hivyo, swali la babu lingali palepale. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya maji yao hutoka Mto Ruvu, ambao chimbuko lake limo katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mwishoni mwa mwaka huohuo mto ulipopungua, wakazi walipata maji kwa mgawo. Mita ya maji, iwe janja kiasi gani, husoma maji yaliyokwisha kufika. Haisomi hali ya msitu ulioyahifadhi. Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga, ndani kipande cha mti.

Basi, ndugu walimu na wanafunzi, tusivikatae vipimo vya dunia, wala tusivipokee kama amri. Tuvitumie, kisha tuviongezee swali moja: mji huu unachukua nini kutoka mashambani, na unarudisha nini? Utamaduni wa taifa si ngoma na mavazi peke yake. Ni pamoja na busara ya kupima mambo. Babu yangu hakujua kusoma, lakini alijua kwamba hesabu ya kibanja haiishii mpakani mwa kibanja.