Sikio la Bibi: Kuhakiki Riwaya za Njozi Buzwagi

Ukutani mwa duka langu pana karatasi moja inayobadilika kila mwezi. Duka lenyewe ni dogo, liko Mwendakulima, jirani na ulipokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, wilayani Kahama. Natoa nakala, nachapa barua, nauza madaftari. Karatasi ya ukutani ni uhakiki: kila mwezi nasoma riwaya moja ya Kiswahili, naandika ukurasa mmoja, naubandika mahali ambapo mteja anayesubiri nakala zake hawezi kukosa kuuona.

Nilianza mwaka 2021, mgodi ulipofungwa. Ulikuwa umefunguliwa mwaka 2009, na katika miaka hiyo kumi na miwili watoto waliokuwa wakichunga ng'ombe kandokando ya uzio walikuwa wamekua vijana wa kuomba kazi ndani yake. Ulipofungwa wakawa wanakuja dukani kunakili vyeti vya kupeleka kwingine: Bulyanhulu, Geita, Dar es Salaam. Foleni ilikuwa ndefu na mashine yangu ni moja. Nikaona heri wasome kitu.

Hao ndio wasomaji wangu. Wana miaka kumi na minane hadi ishirini na minane hivi. Shuleni walisoma vitabu teule kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipokwisha, vitabu navyo vikaisha. Wamekwisha kuvuka hadithi za sungura na fisi, lakini hawajawa wazee wa kuketi barazani. Kiswahili chetu huwaita vijana, neno linalombeba wa miaka kumi na mitano pamoja na wa thelathini na mitano kana kwamba ni mtu mmoja. Wasukuma huwaita basumba, na katika utaratibu wa zamani walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, na kazi zao kijijini. Neno hilo linanipendeza kwa sababu linakumbusha kwamba rika hili lina nguvu, na nguvu hiyo hutumika.

Wanachokipenda zaidi ya vyote ni hadithi za ajabu: majini, mizimu, falme zisizo kwenye ramani, watu wanaogeuka wanyama. Wapenzi wa lugha mnajua tabu ya kuzipa jina hadithi hizo. Wapo wanaosema fantasia, neno lililokuja na meli. Wapo wanaosema njozi, neno zuri lenye usingizi na maono ndani yake. Wataalamu wa vyuoni wana uhalisia wa mazingaombwe, ingawa kwa masikio ya mtu wa kawaida mazingaombwe ni michezo ya kiini macho ya uwanjani siku ya sikukuu. Mimi nimechagua njozi, nikijua kwamba kwetu neno hilo halitoshi. Njozi ni kitu unachoamka ukakiacha kitandani. Yako mambo Shinyanga na Geita ambayo mtu huamka nayo.

Miezi kadhaa iliyopita nilihakiki riwaya moja ya njozi iliyowalenga wasomaji wazima. Jina lake na la mwandishi wake nayahifadhi, kwa kuwa kosa nitakalolieleza ni langu. Ilikuwa na kijiji kilicholaaniwa, kijana shujaa, na kikongwe mwenye macho mekundu aliyekula nyota za watoto usiku. Lugha yake ilikuwa tamu. Sentensi zilikwenda kwa mwendo wa ngoma, na sura ya kufukuzwa kwa yule kikongwe kwa mienge ya moto ilinifanya nisahau chai yangu ikapoa. Niliandika uhakiki wa furaha. Nikasifu muundo, nikasifu taharuki. Nikaandika kwamba mchawi yule amechorwa kwa ustadi hivi kwamba msomaji atamtambua akimwona njiani.

Sentensi hiyo nilijivunia sana. Jioni nikaipeleka nyumbani kumsomea bibi yangu, mama mzaa baba, ambaye hakusoma shule lakini ndiye msikilizaji wangu wa kwanza. Alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Huyo bibi wa kitabuni, macho yake yamekuwaje mekundu?"

"Ni mchawi, bibi."

"Nimesikia. Nimeuliza macho yamekuwaje mekundu."

Sikuwa na jibu. Kitabu hakikusema. Akasukuma ukuni ndani, moshi ukampanda usoni, akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Alipoishusha khanga akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu kama yalivyokuwa siku zote tangu nimjue. Miaka sitini ya moshi wa kuni, na kuni zikikosekana, moshi wa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Hakusema neno jingine. Akaniambia nilete sufuria.

Msomaji asiye wa kwetu huenda asione kwa nini nilikosa usingizi usiku ule. Nitaeleza. Katika ukanda huu wa Ziwa, macho mekundu ya ajuza yamekuwa ushahidi wa kutosha wa kumuua. Vikongwe wamekatwa mapanga ndani ya nyumba zao kwa neno la mpiga ramli. Kuanzia mwaka 2007 na miaka iliyofuata, watu wenye ualbino walishambuliwa na kuuawa Shinyanga, Mwanza na Geita na kwingineko, kwa sababu ya simulizi kwamba viungo vyao huleta utajiri, na waliotajwa mara nyingi kuwa wateja wa simulizi hiyo ni watafutaji wa dhahabu na wavuvi. Mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli chonganishi. Hata Sungusungu, jeshi la jadi lililochipuka maeneo haya ya Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa ng'ombe, halikuishia kwa wezi: wanawake waliotuhumiwa uchawi nao walifukuzwa vijijini. Na waliobeba pinde na mishale ya Sungusungu walikuwa wanaume wenye nguvu, wengi wao wa rika la wanaosoma ukutani mwangu.

Asubuhi nilikwenda kuibandua karatasi. Nilikuwa nimechelewa kwa siku mbili. Kijana anayetengeneza simu kwenye kibanda kilicho mbele ya duka langu alikuwa amekwisha kuiazima riwaya, ameisoma usiku kucha, na amewasimulia wenzake. Nikasikia wakicheka. Bibi mmoja jirani alikuwa akipita na ndoo yake, na mmoja wao akamwita, kwa sauti ya chini, kwa jina la yule mchawi wa kitabuni.

Ulikuwa utani tu. Sidhani kwamba kuna aliyewaza jingine. Lakini hapa kwetu jina likishamshika ajuza halimwachi, na mimi ndiye niliyeandika kwamba msomaji atamtambua akimwona njiani. Walikuwa wamemtambua.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuacha kabisa hadithi za ajabu na kubaki na riwaya za maisha ya kila siku, ambazo hata hivyo nazipenda. Nilimweleza bibi. Alicheka, akaniuliza kama nimemsahau Masala Kulangwa.

Sijamsahau. Ni hadithi ya kwanza niliyosikia duniani. Shing'weng'we, zimwi kubwa, alimeza watu wote na mifugo yao, akabakia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akazaliwa Masala Kulangwa, akakua, akauliza watu wako wapi, akaenda akalishinda zimwi na kulipasua tumbo. Watu wote wakatoka wazima. Lakini katika kupasua, kisu kilimkata sikio bibi mmoja aliyekuwa mle ndani, na bibi yule hakushangilia na wenzake. Alidai sikio lake.

Nilipokuwa mtoto, bibi yule wa hadithi aliniudhi. Ameokolewa kutoka tumboni mwa zimwi, naye analilia sikio! Safari hii nilimwelewa. Waliosimulia hadithi hiyo kizazi baada ya kizazi wangeweza kumwacha, zimwi lingekufa vilevile. Walimbakiza. Walijua kwamba shujaa akishika kisu, ni lazima aulizwe kimepita wapi.

Basi nikarudi kwenye rafu yangu na swali moja: katika kitabu hiki, ajabu inamwangukia nani?

Nilianza na Shaaban Robert. Katika *Adili na Nduguze* ndugu wawili waliomdhulumu ndugu yao wanageuzwa manyani. Ajabu imewaangukia waliotenda uovu. Tena haikuishia hapo, kwa kuwa Adili analazimika kuwapiga kila usiku na kila pigo linamuumiza yeye, mpaka huruma ipate njia. Nikamchukua Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa mwaka 1960. Maiti imekutwa penye mzimu, na kila mtu ana hofu yake, lakini Bwana Msa na kiko chake hatafuti jini. Anatafuta mtu aliyetenda. Nikawaza jinsi ambavyo kitabu hicho kingefaa kusomwa kwa sauti katika kila mji unaochimba dhahabu. Nikafika kwa Said Ahmed Mohamed, *Babu Alipofufuka*, cha mwaka 2001. Pale mfu anatoka kaburini, na hamwendei maskini. Anamwendea mjukuu wake mwenye cheo, anamtoa kwenye starehe zake na kumwonyesha hali ya watu. Hofu imepanda ngazi kwenda juu, kule ambako hofu hufika kwa nadra.

Mwisho nikamsoma tena Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa letu hilihili. *Nagona* na *Mzingile*, vya mwaka 1990 na 1991, huwashinda wateja wangu kwenye kurasa za mwanzo, na sioni aibu kusema kwamba viliwahi kunishinda na mimi. Safari hii niligundua kwamba ajabu yake inamwangukia msomaji mwenyewe. Hakuna jirani wa kumnyooshea kidole. Unabaki wewe na fikra zako.

Sikusudii kusema kwamba riwaya isiwe na mchawi, wala kwamba kikongwe wa kitabuni lazima awe mtakatifu. Mwandishi ana haki ya kuogofya, na msomaji mzima ana haki ya kuogopa. Hofu ya kitabuni ni mojawapo ya starehe zilizo nafuu kwa mtu asiye na kazi. Ninachosema ni kwamba mhakiki anayeandika mahali fulani anaandika kwa ajili ya watu wa mahali hapo. Sifa ninayoimimina juu ya picha inakwenda pamoja na picha hiyo hadi njiani. Riwaya ile ikisomwa London, kikongwe mwenye macho mekundu ni pambo. Ikisomwa Mwendakulima, ana ndoo mkononi.

Niliandika uhakiki wa pili wa kitabu kilekile. Sifa za lugha nilizibakiza, maana zilikuwa za kweli. Nikaongeza swali la bibi yangu: macho ya mwanamke huyu yamekuwaje mekundu? Nikaandika kwamba mwandishi aliyetuonyesha rangi ya kila jani kijijini hakutuonyesha jiko hata moja, na kwamba hilo ni pungufu la kisanaa kabla halijawa pungufu la maadili. Hakumtazama mhusika wake. Alichukua sura iliyokuwa tayari mtaani akaivika maneno mazuri.

Fundi simu aliusoma wote, amesimama.

"Kaka, kwa hiyo kitabu ni kibaya?"

"Hapana. Ni kizuri."

"Mbona basi unakisema?"

"Nakisema kwa sababu ni kizuri. Kingekuwa kibaya kisingekuingia."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba yeye aliogopa tu alipokuwa akisoma, hakumaanisha kitu kwa yule bibi. Nikamwambia najua. Nami sikuwa nimemaanisha kitu.

Siku ya Jumapili nilimpelekea jirani kilo mbili za sukari. Nilimpa shikamoo, nikakaribishwa, nikakaa. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, kuna habari gani?" Sikujua namna ya kumwomba mtu radhi kwa jina ambalo pengine hajawahi kulisikia, na kumwambia kungekuwa kumbandika mara ya pili. Nikasema nimekuja kumjulia hali tu. Tukazungumza habari za mvua. Sikio lake sijalirudisha, wala sijui kama linarudishika.

Karatasi ya mwezi huu ni ya *Mzimu wa Watu wa Kale*. Chini yake nimeandika ubeti huu, nami nauleta kwenu watunzi mnipimie mizani:

Mhakiki shika kisu, zimwi limelala chini,
Likate kwa kudurusu, watu wamo mle ndani,
Sikio halikuhusu, la bibi yako jirani,
Ajabu uliza: nani, imemwangukia nani?