Kurudi Nyuma Si Woga

Ndugu zangu vijana, kuna ubishi mmoja ambao hauishi penye mpira. Timu ikipoteza mpira ifanye nini? Imkimbilie mwenye mpira palepale, huko huko juu, au irudi nyuma, ijipange na kumsubiri? Wanaopenda njia ya kwanza wanasema "kukabia juu". Wanaopenda ya pili wanasema "kujipanga". Wapinzani wao wanaiita "kupaki basi", na wakikasirika kabisa wanaiita woga. Neno hilo la mwisho ndilo limenifanya niandike.

Ubishi mkali kuliko yote niliuona Rumonge, usiku wa tarehe 6 Mei 2025. Nilikuwa nimeenda kumsalimia shangazi, karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini ikiwa mfukoni. Saa tatu usiku kibanda cha mpira kilikuwa kimejaa hadi mlangoni: Inter na Barcelona, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, mechi ya marudiano. Ya kwanza walikuwa wametoka 3-3.

Barcelona ya Hansi Flick mnaijua. Mabeki wanasimama karibu na katikati ya uwanja, timu nzima inapanda kukaba, na ukichelewa kidogo umeotea. Mashabiki wake pale kibandani walikuwa na ushahidi wao: Oktoba 2024 waliipiga Real Madrid 4-0 kwao Madrid, na Mbappé peke yake aliotea mara nane. "Ule ndio mpira wa wanaume," kijana mmoja alikuwa akipiga kelele.

Inter wao walisubiri. Walirudi, wakajibana, mpira ukipatikana wakatoka kwa kasi. Barcelona walikuwa wanaongoza 3-2 hadi dakika za majeruhi, Acerbi, beki wa miaka 37, akasawazisha. Muda wa nyongeza Frattesi akamaliza: 4-3, jumla 7-6. Kibanda kilitikisika. Watu wa Inter, ambao mwanzoni hata sikujua kama wapo, walianza kuwauliza wenzao wanaume wako wapi sasa.

Mimi nilidhani basi, ubishi umekwisha. Wapi! Tarehe 31 Mei Inter hao hao walipigwa 5-0 na Paris Saint-Germain kwenye fainali, na Paris ni timu inayokukaba hadi mlangoni kwako. Kwa hiyo ukitafuta ushahidi, kila upande unao. Morocco kwenye Kombe la Dunia 2022 walifika nusu fainali wakiwa wamefungwa bao moja tu, nalo walijifunga wenyewe, na waliwatoa Hispania na Ureno kwa kujipanga nyuma. Nani atawaita waoga?

Hapa Burundi wazee wana mfano wao. Intamba mu Rugamba walifuzu Kombe la Afrika la 2019 bila kupoteza mechi hata moja: mechi sita, ushindi mara mbili, sare mara nne. Mali na Gabon hawakuweza kuwashinda, si kwao wala Bujumbura. Kule Misri wakapoteza zote tatu bila bao. Vijana wanasema, "Mnaona? Tulisubiri mno." Wazee wanajibu, "Bila kusubiri tungeiona Misri kwenye ramani tu." Mimi naangalia dakika. Nigeria walitufunga dakika ya 77. Madagascar dakika ya 76. Mechi hizo mbili kila moja 1-0. Zaidi ya saa nzima watu walisimama imara, halafu miguu ikaanza kudai. Kungoja nako kunachosha.

Asubuhi baada ya ile mechi ya Inter, ubishi ulihamia ufukweni, mahali wanapoanika ndagala (ndugu zetu wa Kigoma wanasema dagaa). Mvuvi mmoja mzee alikuwa anashona wavu, anatusikiliza tu. Baadaye akasema, "Ninyi watoto, ndagala nani anamfukuza? Unatoka usiku usio na mwezi, unawasha taa, unatulia. Anakuja mwenyewe. Akishajaa chini ya taa, ndipo unapandisha wavu. Ukipandisha mapema, umevua maji."

Mwenzake akamkatiza. Naye aliwahi kuvuta kokoro, ule wavu wa kukokota kutoka ufukweni, ambao umekatazwa kwa sababu unazoa hadi samaki wachanga. Alisema kokoro haingoji, lakini watu wa kamba hii na wa kamba ile lazima wavute sawa. Upande mmoja ukilegea, samaki wote wanapita huko.

Nimesikiliza wachambuzi wengi redioni, lakini wazee hawa wawili ndio walionieleweshea. Anayesubiri vizuri hajalala, amewasha taa. Anaacha pembeni wazi makusudi, mpira ukiingia huko wanamfungia. Na anayekabia juu hakimbii peke yake kama mbwa aliyeona paka. Mmoja anamwendea mwenye mpira, wengine wanaziba njia za pasi, mabeki wanapanda pamoja nao. Kinachoua timu ni nusu-nusu: washambuliaji wamepanda, mabeki wamebaki, katikati pana uwanja wa kulima mihogo.

Timu yetu ya kambini ilikuwa hivyo kabisa. Mimi ni mjitoleaji upande wa michezo, kwa hiyo maneno yote yananijia mimi. Vijana wadogo wanaangalia Barcelona, wanataka kukabia juu dakika tisini. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa, na ninyi mnaoishi kambini mnajua mtu anafika mazoezini amekula nini. Dakika ya 20 walikuwa moto. Dakika ya 40 mikono iko magotini. Hapo hakuna mbinu ya Ulaya, kuna tumbo.

Siku moja tulicheza na vijana wenyeji wa kilima cha jirani. Tulipochoka tukarudi nyuma, na mmoja wao akacheka: "Ninyi wakimbizi mnajua kurudi nyuma tu." Kwa mpira ni utani wa kawaida, sisi pia tunawatania. Lakini nililiona lile neno likishuka kwa wenzangu mmoja mmoja. Beki wetu wa kati alivuka ziwa Januari 2018, wakati watu wa Fizi walipokuwa wakishukia Rumonge kwa mitumbwi. Hakugombana. Alisema tu, taratibu, "Mama yangu alirudi nyuma na watoto wanne. Wote wako hai." Yule kijana akanyamaza, halafu akampa mkono. Mechi ikaendelea.

Jioni tulikaa chini, tukakubaliana mambo matatu. Tunapanda kukaba pale tu mpira unapomponyoka mpinzani mguuni, au anapourudisha kwa kipa, au anapobanwa kwenye mstari wa pembeni. Nje ya hapo tunarudi nyuma ya katikati, wote, hadi namba tisa. Na wa kupiga kelele "twende!" ni mtu mmoja, yule beki, kwa sababu yeye anaona uwanja wote.

Mechi iliyofuata ilikuwa 0-0. Hakuna aliyebebwa mabegani. Lakini dakika ya 80 watu wote kumi na mmoja walikuwa bado wanakimbia, na sikusikia yeyote akimlaumu mwenzake.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, asanteni kwa mipira na jezi, kweli zinasaidia. Mkija kuangalia mazoezi, ulizeni pia vijana wamekula saa ngapi. Mkiona timu imerudi nyuma, msiseme haina ari. Huenda imepiga hesabu ya nguvu iliyobaki na kuigawa vizuri.

Na ninyi wa kambi nyingine, mnakaba wapi? Andikeni hapa chini tubishane. Ila kama mnakabia juu dakika zote tisini, anzeni kwa kutuambia mnakula nini kabla ya mechi.