Mlango wa Johannesburg

Machi 2023 ndipo nilipopanda ndege kwa mara ya kwanza. Tangu Januari Wakenya tulikuwa tunaingia Afrika Kusini bila viza, na wiki chache kabla ya safari, tarehe 24 Februari, Mahakama ya Upeo Nairobi ilikuwa imeamua kwamba shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja haliwezi kunyimwa usajili. Majaji watatu walikubali, wawili wakapinga. Ibara ya 27(4) ya katiba yetu inakataza ubaguzi, inataja dini, rangi, ulemavu na mengine, ila mwelekeo wa kimapenzi haumo. Majaji wakasema orodha ile ni ya mifano tu, haijafungwa.

Nilitaka kuona nchi ambako neno lenyewe limeandikwa katika katiba.

Kutoka uwanja wa ndege nilipanda Gautrain hadi Park Station, kisha teksi. Dereva aliniamuru nitie simu mfukoni, kisha akapandisha kilima hadi Constitution Hill. Zamani palikuwa jela, na Gandhi na Mandela waliwahi kufungiwa hapo. Jengo la mahabusu lilibomolewa, matofali yake yakatumika kujenga Mahakama ya Katiba, ngazi zake zikaachwa zimesimama peke yake. Nilipapasa tofali moja; lilikuwa la kawaida kabisa.

Mlango wa mahakama ni wa mbao, mrefu, umechongwa haki 27 za katiba kwa lugha 11 zilizokuwa rasmi ulipochongwa. Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutaja mwelekeo wa kimapenzi katika katiba, kwanza ile ya mpito ya 1993, kisha ya 1996. Kwa neno hilo, mwaka 1998 mahakama ilifuta sheria iliyowafanya wanaume wapendanao kuwa wahalifu, na 2006 ndoa za jinsia moja zikaruhusiwa.

Nilipomsifia mwongoza watalii aliyetutembeza nchi yake, alinyamaza kidogo, akanitajia Eudy Simelane, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya soka ya wanawake, aliyejulikana wazi kuwa anapenda wanawake. Alibakwa na kuuawa KwaThema mwaka 2008, katiba hiyohiyo ikitumika. Sikuwa na la kujibu. Kwetu kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kinaadhibu mapenzi ya wanaume kwa kifungo cha hadi miaka 14.

Jioni mama alipiga simu.

“Umeona nini huko?”

“Mlango wa mahakama, mama.”

“Nauli yote hiyo kwenda kutazama mlango? Mahakama ya hapa haina mlango?”

Nikacheka naye. Kilichonipeleka sikumtajia.