Kila Mtu na Shanga Yake

Kaburi kubwa ni la mtu mkubwa. Ndivyo tulivyozoea sisi watu wa pwani. Nenda Kunduchi ukaone nguzo za makaburi zilizopachikwa bakuli za Kichina. Huhitaji kuambiwa kwamba aliyelala pale hakuwa mvuvi wa kuazima mtumbwi. Nilipowasimulia wenzangu kijiweni juu ya Antelas, kaburi la zama za mawe huko Ureno, lenye njia nyembamba ya kuingilia na majabali yaliyochorwa kwa rangi nyekundu na nyeusi, jamaa mmoja akadakia: "Huyo mfalme, kabisa!"

Nikambishia kwa mfano wa jirani. Magharibi mwa Ziwa Turkana, Kenya, pako mahali panaitwa Lothagam North. Yapata miaka 5,000 iliyopita ziwa lilikuwa linapungua, na watu ndio kwanza wanaanza kufuga. Wakajenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, katikati wakachimba shimo, wakazika humo kwa karne kadhaa. Mwisho wakalifunika na kusimamisha nguzo za mawe. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Elisabeth Hildebrand walitangaza kwamba humo wamelala watu wanaokadiriwa kuwa 580 au zaidi: wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga. Karibu kila aliyefukuliwa alikuwa na mapambo yake, shanga za mawe ya rangi au za maganda ya mayai ya mbuni. Mmoja alivikwa kichwani pambo la mamia ya meno ya panya. Mfalme hakuonekana.

Ndugu msomaji, habari hiyo ilinichoma. Kwetu Magomeni, hii ya Mtwara, si ile ya Dar, ukoo umeshakaa vikao viwili juu ya kaburi la babu. Baba mkubwa anataka lijengewe kwa saruji na marumaru, jina liandikwe, kila nyumba itoe mchango. Sawa, babu alikuwa mtu wa watu. Lakini hatua tatu kutoka pale amelala mdogo wangu aliyeishi miezi minne. Alama yake ni jiwe moja la matumbawe, na kila masika linazidi kuzama mchangani. Mama alipomtaja kikaoni akajibiwa, "Mtoto yule ana nini cha kuandikwa?" Mama akainamisha kichwa. Nikasema mimi: mchango wangu hautoki mpaka mtoto naye apate jiwe na jina. Wamenuna mpaka leo.

Wafugaji wale hawakuwa na saruji wala maandishi, na bado hawakumwuliza mtoto amefanya nini kabla ya kumvika shanga. Sisi wenye kalamu je? Kila riwaya changa ninayoazimwa ina tajiri, jambazi na bastola. Mama ntilie yuko wapi? Mpiga debe je? Waandike hao. Mimi ukurasa wangu wa kwanza una mtoto wa miezi minne, na jina lake nimeliandika kamili.